Nahodha wa Zamu

Ukitoka Makina, ukavuka reli ya kwenda Kisumu na kuteremka kuelekea Lindi na Silanga, vichochoro vya Kibera huzidi kubana na mteremko huzidi kuwa mkali mpaka ukutane na maji. Hapo ndipo unapopita Mto Motoine. Maji yake yana rangi ya majivu, na juu yake huelea vipande vya plastiki, matambara na maganda ya viazi. Daraja ni mbao chache zilizopigiliwa misumari na vijana wa mtaa. Asubuhi wanafunzi huvuka mmoja mmoja, sare zimenyooshwa, na ikiwa kumenyesha usiku viatu huwa mkononi.

Mtoto wa hapa hufundishwa mapema kwamba mtoni hakuchezewi. Mto ni harufu, ni maradhi ya tumbo, ni maji yanayoingia nyumbani usiku bila kupiga hodi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalisomba nyumba za ukingoni katika mitaa mingi ya Nairobi, na serikali ikaamuru waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mitoni wahame. Watu waliondoka na magodoro, sufuria na watoto. Wapo waliorudi, kwa sababu kodi ya kwingine haishikiki.

Mbele kidogo mto huu huingia katika Bwawa la Nairobi. Lilijengwa mwaka 1953 ili jiji liwe na akiba ya maji, na kwa miaka mingi wenye uwezo walikuja hapa mwishoni mwa juma kutweka matanga. Siku hizi magugu-maji yamelifunika na matope yamelijaza, na mgeni anaweza kudhani anatazama shamba. Maji yakishatoka bwawani huitwa Mto Ngong. Huungana na Mto Nairobi, yakaingia Athi, yakaitwa Galana na baadaye Sabaki, hadi yanapomwagika katika Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Kinachotupwa Kibera kina safari ndefu kuliko aliyekitupa.

Kawangware nayo ina maji yake. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ukapitia Dagoretti na kuugusa mtaa huu kabla ya kufika Chiromo na katikati ya jiji. Ukishuka kwenye matatu ya nambari 46 unapokelewa na akina mama mboga waliopanga sukuma wiki na nyanya kandokando ya barabara, mafundi wa viatu, wauza mitumba, na bodaboda wanaoita abiria kwa sauti moja. Gatina na Kabiro zimesongamana upande huu. Upande wa pili, mwendo mfupi tu kwa miguu, ni nyua za Lavington zenye miti mikubwa. Mto hupita nyuma ya haya yote, na wengi wanaoishi karibu nao hawajawahi kuuona ukiwa safi.

Ndiyo maana niliposikia kwamba kundi la vijana wa mitaa hii miwili linakwenda Sagana kujifunza uongozi kwa kupiga makasia kwenye maji yaendayo kasi, niliomba kuandamana nao. Nilitaka kuona mto unavyoweza kumfundisha kitu mtu aliyelelewa kuuogopa.

Tuliondoka alfajiri. Basi lilichukua wa Kibera kwanza, kisha likapitia Kawangware. Ndani ya basi mipaka ilionekana wazi: wa Kibera walikaa nyuma, wa Kawangware mbele, na katikati viti vikabaki vitupu. Kulikuwa na mvulana anayesukuma mkokoteni wa maji kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye kozi ya ufundi wa umeme. Kulikuwa na msichana wa kidato cha nne anayemsaidia mamake kuuza mboga jioni, na ambaye hesabu za kibanda huzifanya kichwani bila kukosea. Kulikuwa na kijana mrefu wa Laini Saba, kule Kibera, anayefundisha watoto kandanda na ambaye, kwa maelezo ya wenzake, hajawahi kukosa la kusema.

Barabara ya Thika ilitupitisha Githurai na Ruiru, tukayapita mashamba ya mananasi ya Thika, Kenol, Makuyu na Makutano, na baada ya kilomita mia moja hivi tukawa Sagana, katika Kaunti ya Kirinyaga. Mlima Kenya ulikuwa umejifunika mawingu. Maji yanayoshuka kutoka mlima huo na kutoka Milima ya Aberdare hukusanyika hapa na kuwa Mto Tana, mrefu kuliko yote nchini Kenya, unaokwenda karibu kilomita elfu moja mpaka Kipini, pwani.

Yule msukuma mkokoteni alisimama ukingoni akayatazama maji kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Haya ndiyo tunayouza?"

Mwongozaji wetu wa mtoni alimjibu kwamba ni jamaa wa karibu wa maji hayo. Maji mengi ya mifereji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka 1994 na lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 70. Bwawa hilo limeuzuia Mto Thika, ambao ni tawimto la Tana. Kwa hiyo mtungi wa lita 20 anaousukuma kijana huyu juu ya mawe ya Kibera umetoka katika ukoo huu wa mito. Anayekunywa maji hayo huwategemea watu wa Murang'a kutunza miti na vijito vyao. Na chini ya Sagana, Tana huzungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kijana wa Kibera ana haki juu ya mto huu kama mtu wa Kirinyaga.

Mafunzo yalianzia nchi kavu. Kila mmoja alivaa jaketi la kuokoa maisha na helmeti, na mwongozaji akapita akivuta kila mkanda mpaka mwenyewe agune. Wengi wa vijana hawa hawakujua kuogelea. Nairobi ina mabwawa ya kuogelea, lakini mengi yamo ndani ya hoteli, klabu na shule za ada kubwa. Kwa hiyo somo la kwanza lilikuwa namna ya kuanguka.

"Ukianguka usisimame," mwongozaji alisema. "Lala chali, miguu mbele, vidole juu. Mto ukubebe mpaka uone nafasi ya kutoka."

Akawaeleza sababu. Chini ya maji ya kasi kuna mawe yenye mianya. Anayejaribu kusimama mguu wake unaweza kunaswa humo, na maji yakaendelea kumsukuma kifudifudi. Maji ya kina cha kiuno tu yanatosha kumzamisha mtu hodari. Vijana walilala kwenye nyasi wakalifanya zoezi hilo, wakacheka, wakalirudia, na mara ya tatu hakuna aliyecheka.

Kisha ukaja mfuko wa kamba. Ni kitu kidogo: kamba inayoelea imejazwa ndani ya mfuko, ncha moja unaishika wewe, mfuko unamrushia aliye majini. Niliwatazama wakijaribu. Karibu wote walirusha upesi, kwa nguvu zao zote, na kamba ikaangukia ambako mwenzao hakuwa akitazama. Mwongozaji aliwasimamisha.

"Mwite kwanza. Mwite kwa jina. Akikuona ndipo urushe."

Niliiandika kauli hiyo, kwa sababu nimehudhuria mikutano mingi Nairobi ambamo watu wa mtaa walirushiwa misaada bila kuitwa kwanza.

Mchana waliingia kwenye sehemu tulivu ya mto kwa mitumbwi ya watu wawili wawili, na kila mtumbwi ulibeba mmoja wa Kibera na mmoja wa Kawangware. Hapo viti vitupu vya basini vikakosa nafasi. Msukuma mkokoteni alikaa nyuma, na binti wa mboga akakaa mbele. Mtumbwi una kanuni yake: wa mbele anatia nguvu na kuangalia mawe, wa nyuma anaongoza. Kijana alikuwa na mabega ya kazi, akavuta kasia kwa nguvu zote upande mmoja, na mtumbwi ukazunguka. Akavuta zaidi. Ukazunguka zaidi. Binti aliona walikokuwa wakielekea tangu mwanzo lakini hakusema neno, na walipogonga ukingo kijana akamgeukia na kumwuliza kwa nini amenyamaza.

"Hukuniuliza," akasema.

Mwongozaji aliwabadilisha. Binti alipokaa nyuma alionyeshwa ujanja mdogo: mwishoni mwa kila mvuto, geuza kiganja ili bapa la kasia liyasukume maji nje kidogo, na mtumbwi utabaki kwenye mstari. Hakuhitaji nguvu nyingi. Alihitaji kutazama mbali na kurekebisha mapema. Baada ya muda mfupi walikuwa wakikata maji moja kwa moja, kijana mbele akitaja kila jiwe, "Kulia kuna kitu, mama," na yeye nyuma akijibu, "Nimeona." Neno hilo "mama" lilikuwa la heshima, namna vijana wa Nairobi wanavyomwita msichana ambaye kazi yake wameikubali.

Asubuhi iliyofuata wakapanda maboti ya mpira. Sehemu ya mto inayotumiwa hapa ni ya takriban kilomita 16. Huanza na maporomoko madogo, ikafuata sehemu ndefu ya maji tulivu, kisha mto unaingia kwenye mawe makubwa na kuanza kunguruma. Duniani kote maji haya hupimwa kwa daraja kuanzia la kwanza mpaka la sita; la sita halipitiki ila kwa kuhatarisha maisha. Sehemu ngumu za Sagana hufika daraja la nne au zaidi, na maporomoko yake yamepewa majina na waliotangulia kuyapita, Captain's Folly na Fish Eye yakiwa miongoni mwao. Kwenye sehemu hizo ngumu anayetoa amri ni mwongozaji, na hakuna mjadala. Lakini kwenye sehemu nyepesi amri ilikuwa ya vijana wenyewe. Kila walipomaliza kipande kimoja cha mto, nahodha alishuka cheo na mwingine akakishika. Wakampa jina: nahodha wa zamu.

Kabla ya kila poromoko waliegesha ukingoni, wakapanda mwambani, wakausoma mto. Hili lilinivutia kuliko mengine yote. Kwa jicho la mgeni ni povu tupu. Mwongozaji aliwaonyesha herufi V zilizochorwa na maji. V ambayo ncha yake imeelekea mto unakokwenda ni njia: maji yamepita kati ya mawe mawili na kukutana. V ambayo ncha yake imeelekea mto unakotoka ni jiwe lililojificha, na maji yamegawanyika juu yake. Nyuma ya jiwe kubwa maji hurudi kinyume, na hapo panaweza kuwa mahali pa kupumzika au mtego, kutegemea ukubwa wake. Waliposhuka mwambani kila mmoja alikuwa na ramani ile ile kichwani.

Zamu ya kijana wa Laini Saba ilipofika, alisimama nyuma ya boti akiwa na hakika kubwa. "Mbele! Hapana, kulia! Kulia mbele, simameni!" Amri tatu zikatoka kwa pumzi moja. Upande mmoja ulivuta, mwingine ukaacha, boti likageuka ubavu na kukalia jiwe. Maji yakaanza kupanda upande wa juu. Mwongozaji alipiga ukelele mmoja tu, "Wote kwenye jiwe!", na vijana wakajirusha upande ule, kama walivyofundishwa, ili uzito wao ulizuie boti lisipinduke.

Boti likatulia. Lilikuwa bado limekwama, na kelele za mto zilikuwa kubwa. Nilikuwa kwenye boti la pili, nimewekwa kwenye maji ya kurudi nyuma ya mwamba, na niliuona uso wa kijana yule vizuri. Hakumtazama mwongozaji. Alimtazama aliyekaa mbele kabisa, yule binti wa mboga, akapaza sauti, "Mbele, unaona nini?"

"Kushoto kuna nafasi! Nyuma kidogo kwanza!"

"Nyuma wote! Mbili! Sasa kushoto, mbele!"

Boti likachomoka, likapita katikati ya V, wakatoka chini wamelowa na wanapiga mayowe.

Jioni, baada ya ugali, sukuma na samaki, walikaa kuuzunguka moto na kila nahodha akasimama kujibu maswali mawili: uliagiza nini, na wenzako walisikia nini? Kijana wa Laini Saba alieleza alichokusudia. Waliokuwa kwenye boti lake wakaeleza walichosikia. Mmoja alisikia "kulia", mwingine alisikia "simameni", wa tatu alisikia kelele tu. Hakuna aliyemkejeli. Mwongozaji alimwuliza ni kitu gani kilichowatoa kwenye jiwe. "Kuuliza," akasema, na akakaa.

Mafunzo ya namna hii yana historia, na sehemu ya historia hiyo ni ya hapa kwetu. Mjerumani Kurt Hahn alilazimika kuikimbia nchi yake mwaka 1933 baada ya kumpinga Hitler hadharani, akaanzisha shule ya Gordonstoun huko Uskoti. Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, yeye na mwenye meli Lawrence Holt walifungua shule ya Outward Bound katika mji wa Aberdovey, Wales. Meli za biashara zilikuwa zikizamishwa katika Atlantiki, na Holt aliamini kwamba mabaharia vijana walikufa katika mashua za kuokolea huku wazee wakisalimika. Vijana walikuwa na misuli. Walichokosa ni uzoefu wa shida na imani kwamba wanaweza kuivuka wakiwa pamoja. Mwaka 1952 shule ya aina hiyo ikafunguliwa Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro, na kutoka kwenye mawazo hayo hayo ya Hahn ikazaliwa, mwaka 1956 nchini Uingereza, tuzo ya vijana iliyoanza Kenya mwaka 1966 na ambayo leo ni Tuzo ya Rais. Anayeitafuta hujitolea kwa jamii, hujifunza ufundi, hufanya mazoezi ya mwili na huenda safari ya kuvumilia nyikani.

Hata hivyo tusidhani kwamba uongozi ulikuja Nairobi ndani ya begi la mgeni. Mwaka 1987 chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianza kwa mpira na taka: timu zilizosafisha mtaa zilipata pointi zilizohesabiwa kwenye ligi, na vijana wenyewe wakaendesha kamati. Carolina for Kibera ilianza mwaka 2001 ikiunganisha kandanda na usafi. Kennedy Odede, aliyekulia Kibera, alianzisha shirika la SHOFCO mwaka 2004, naye pia alianza na mpira. Pembezoni mwa mto, shirika la Kounkuey Design Initiative limekuwa likishirikiana na wakazi tangu mwaka 2006 kugeuza majaa ya taka kuwa viwanja, vyoo na mahali pa kufulia. Katika mifano hii yote kuna jambo moja: kijana alipewa kazi yenye uzito, wenzake wakamtegemea, na matokeo yakaonekana na kila mtu.

Hilo ndilo nililoliona Sagana, na ndilo ninaloamini. Uongozi haufundishwi kwa hotuba. Huota pale uamuzi wa kijana unapowagusa wenzake papo hapo, na pale anapojua kwamba zamu yake itakwisha na atakaa tena kwenye safu kuvuta kasia kwa amri ya mwingine. Mto unafaa kwa kazi hii kwa sababu haupokei rushwa wala haujali baba yako ni nani. Ukitoa amri mbovu unakwama sasa hivi, mbele ya macho ya watu wote, na marekebisho unayafanya wewe. Ni wapi pengine kijana wa mtaa hupata somo hilo? Shuleni huagizwa. Kwenye kibarua huagizwa. Wakati wa kampeni hupewa fulana na kuambiwa aimbe. Mnamo Juni 2024 vijana wa Kenya walijaa barabarani wakidai kusikilizwa, na walipoulizwa kiongozi wao ni nani, wengi walisema hawana. Wapo waliolichukulia jibu hilo kuwa udhaifu. Mimi nilipoona manahodha wa zamu wakipokezana boti moja bila ugomvi nililielewa jibu hilo vizuri zaidi.

Lazima niseme pia kwamba siku chache mtoni hazimbadilishi mtu peke yake. Anayerudi Gatina anarudi kwenye kodi ya nyumba, karo na chakula cha jioni. Safari kama hii ina gharama ya basi, vifaa, waongozaji waliofuzu na bima, na hakuna mzazi wa Kabiro anayeweza kuibeba bila msaada. Isitoshe, wapo wazazi wanaowazuia mabinti kulala nje ya nyumba, na hofu yao ina msingi; hujibiwa kwa kuwaalika akina mama wenyewe waje waone mahali, waongozaji na mahema. Mpango unaopeleka vijana mtoni bila kuwaandalia kazi ya kurudi nayo nyumbani huwapa picha nzuri za simu tu.

Kundi hili lilikuwa limejiandaa. Nililitembelea baadaye, katika chumba cha kukodi Kawangware chenye benchi mbili na dirisha moja. Walikuwa wakijadili mtaro ulioziba nyuma ya soko. Aliyeongoza kikao alikuwa kijana mpole ambaye Sagana sikumsikia akisema lolote. Ubaoni waliandika wiki nne na jina la nahodha wa kila wiki. Sanduku la pesa lilikuwa na mwangalizi tofauti kila mwezi, na hesabu zilisomwa kwa sauti. Wa Kibera walikuwa wamepanda matatu mbili kuja. Mmoja alipendekeza wakodi mikokoteni Jumamosi, mwingine akasema kwanza wawaulize akina mama wanaouza pale taka hizo hutoka wapi. Kijana wa Laini Saba alikuwa amekaa nyuma. Aliinua mkono, akangoja apewe nafasi, na alipoipata akawageukia wawili waliokuwa bado hawajazungumza. "Nyinyi mnaona nini?" Ikabainika kwamba mmoja wao anaishi pale pale mtaroni na anajua saa ambayo malori hupita kumwaga taka. Mpango ukabadilika kutokana na maelezo yake.

Nchi jirani inatuonyesha njia hii inaweza kufika wapi. Kule Jinja, Uganda, ambako safari za maboti ya mpira kwenye Nile zilianza miaka ya 1990, vijana wa vijiji vya ukingoni wamekuwa waongozaji na wacheza kayaki hodari, ingawa bwawa la Bujagali, lililokamilika mwaka 2012, lilimeza sehemu ya maporomoko. Kazi ipo kwenye maji. Sagana nayo inawaajiri wenyeji, na sioni sababu ya mtoto wa Silanga kutokuwa mmoja wao.

Mambo ya kufanya yanajulikana na hayahitaji miujiza. Kambi ya maskauti ya Rowallan iko ndani ya msitu wa Ngong Road, mwendo wa miguu kutoka Kibera. Ina miti, nafasi na ua, na ingeweza kuwa darasa la mwanzo la kila mtoto wa mtaa anayetaka kujifunza ramani, kamba na kulala nje. Kaunti ingeweza kufungua mabwawa ya kuogelea ya umma kwa shule za mitaa siku moja kwa juma. Shule zinazoshiriki Tuzo ya Rais zingeweza kushirikiana na zisizo na uwezo, badala ya kila moja kwenda peke yake. Kazi ya kusafisha mito ya Nairobi, ambayo serikali imewaajiri vijana kuifanya, ingewapa pia sauti ya kupanga kazi yenyewe, si reki na buti peke yake. Na Bwawa la Nairobi likisafishwa, makasia ya kwanza yawe ya watoto wa Lindi na Silanga, kwa sababu wao ndio waliovumilia harufu yake.

Najua kuna watakaosema hizi ni anasa kwa watu wasio na choo. Vijana niliosafiri nao walinipa jibu kwa matendo. Walirudi kutoka mtoni wakauangalia mtaro wao kwa jicho lile lile walilousomea mto: maji yanatoka wapi, yanakwama wapi, nani anaona vizuri kutoka alipokaa. Waliojifunza kuuliza hivyo ndio watakaopata choo, taa na daraja la mtaa, na wakishavipata watajua kuvitunza. Kazi yetu sisi wakubwa ni kuwapa zamu, na ikifika tukae kwenye safu tuvute kasia.